Saa ya Lusaka, Faini ya Mtoni

Elfu hamsini taslimu, mbele ya mashemeji watarajiwa, kabla hata sijakaribishwa mkekani. Hiyo ndiyo faini niliyotozwa Jumamosi iliyopita pale Mtoni kwa Azizi Ali, na mpaka naandika haya Shangazi hajaanza kusema nami. Kosa: mshenga kuchelewa saa nzima. Sababu: simu yangu ilikuwa Zambia. Sababu hiyo niliitaja kwa sauti, nimesimama mlangoni, bahasha ya barua ya posa nimeikumbatia kifuani, na sebule nzima ikanitazama kama mtu aliyedai amechelewa kwa kuwa viatu vyake vimebaki Ujerumani.

"Simu ilikuwa Zambia," akarudia baba mkubwa wa binti, taratibu, kama hakimu anayemsomea karani aandike. "Na wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

"Kurasini, mzee."

"Kurasini hii? Hapo kwenye matangi ya mafuta?"

"Hiyohiyo, mzee. Shikamoo."

"Na shikamoo nayo ilikuwa Zambia?"

Hapo akina mama waliokaa uani wakaangua kicheko, na mimi nikajua siku imeharibika.

Naomba nieleze, maana pale sikupewa nafasi. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini, na mizigo yetu mingi haikai nchini. Inatoka yadi, inapita Barabara ya Mandela, inakata Morogoro, Iringa na Mbeya, inavuka Tunduma, inaingia Zambia, na mingine inasonga mpaka Lubumbashi na Kolwezi. Lori moja lilikwama mpakani kwa sababu ya karatasi, nikatumwa kwenda kulikwamua. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo mtu akifika Tunduma hachagui gesti. Analala palipo na kitanda. Kitanda changu kilikuwa karibu na mpaka.

Sasa Tunduma na Nakonde, kwa macho, ni mji mmoja uliopigwa mstari katikati. Soko linaangaliana na soko, boda zinaangaliana na boda. Ila upande huu ni saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa tatu, na upande ule ni saa ya Afrika ya Kati, iliyo mbele kwa saa mbili. Mama ntilie akiondoka huku saa nne asubuhi na sufuria kichwani, anafika kule saa tatu na dakika tano, chai bado ya moto na saa moja ya ziada mkononi. Jioni akirudi anadaiwa.

Wenyeji wameshazoea. Wanauliza "saa yetu au saa yao?" bila kuinua macho, kama unavyoulizwa chapati moja au mbili. Simu ndiyo haijazoea. Jambo hili nimelichunguza kwa hasira na nikajikuta nalipenda: simu haijui saa. Inaambiwa. Minara mingi ya simu, pamoja na kazi zake nyingine, inatangaza tarehe, saa na tofauti yake na Greenwich, na simu ikiusikia mnara inatii papo hapo. Na mnara haukaguliwi mpakani. Mawimbi yake yanavuka bila muhuri. Ukilala Tunduma, dirisha linaloelekea Nakonde, simu inaweza kushika mnara wa jirani usiku ikajirudisha nyuma saa moja, alfajiri ikashika wa kwetu ikaruka mbele, na wewe umelala huna habari kwamba unavushwa na kurudishwa usiku kucha. Chumbani kwangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nikaenda chooni, ikawa saa kumi na mbili. Nikarudi kitandani, nikawa nimekomboa saa nzima ya usingizi.

Basi la kurudi nililipata kwa sababu kondakta wa Tunduma haamini saa yoyote, anaamini koo lake. Lakini kabla ya kupanda, pale stendi, kijana wa kutengeneza simu aliniona nikiibishia simu yangu, akaniambia, "Mzee, hii tunaifunga isirukeruke." Elfu mbili. Akagusa hapa, akabonyeza pale, akaizima ile kazi ya kujiwekea saa yenyewe, akanikabidhi. Na kweli, haikuruka tena. Jambo ambalo kijana yule hakuliona, au aliliona akalinyamazia, ni kwamba aliifunga ikiwa upande wa Zambia.

Nikaingia Dar usiku wa manane, nikalala. Asubuhi nimeoga, nimevaa kanzu, nimenyunyiza marashi, nimetazama simu: saa tatu kasoro. Posa ni saa nne kamili. Kutoka Kurasini hadi kwa Azizi Ali ni Kilwa Road moja kwa moja, unapita Uhasibu, unapita Sabasaba, umefika. Nikaagiza chai. Jua nililiona limepanda mno. Nikasema joto la Dar siku hizi halina adabu. Shangazi akapiga.

"Uko wapi?"

"Nakunywa chai, Shangazi."

"Chai! Sisi tumeshafika hapa kwenye kona, tunakungoja wewe na bahasha."

"Shangazi, msiwe na pupa. Tukifika mapema mno wataona tuna njaa ya mke."

Akakata simu. Akapiga tena, nikamtuliza tena, nikamwambia mshenga hakimbii. Nilipokanyaga Mtoni simu ikisema saa nne kamili, nikiwa nimejaa fahari ya mtu aliyewahi, ujumbe wetu ulikuwa umesimama juani muda mrefu kiasi kwamba mama mdogo alikuwa ameazima kiti kwa muuza kahawa. Wenye binti walikuwa wameshatuma mtoto mara kadhaa kuchungulia.

Na bado ningeweza kujitetea. Posa ni mahakama, lakini ni mahakama ya maneno, na maneno ninayo. Nikaanza kueleza minara, Nakonde, saa ya Afrika ya Kati. Bahati yangu ilivyo mbaya, baba mkubwa yule alikuwa mstaafu wa TAZARA. Katika Temeke nzima yenye watu wote hao, mimi nimeangukia kwa mtu aliyekula mshahara wake kwenye reli inayotoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, reli ambayo tangu ikabidhiwe mwaka 1976 inavuka mpaka huohuo wa saa, Tunduma hiyohiyo.

"Kijana," akasema, "mimi pale Tunduma nimegeuza saa ujana wangu wote. Kwenda nairudisha nyuma, kurudi naipeleka mbele. Garimoshi zima, abiria, magunia, kuku, wote tunageuza. Sijawahi kuja posa ya mtu na saa ya Nakonde." Akanyoosha kiganja. "Elfu thelathini ya kuchelewa. Ishirini ya kutufundisha kazi yetu."

Shangazi ndiye aliyezitoa, kwenye pindo la khanga, akizihesabu polepole ili nione.

Usiku ule sikulala. Nilikaa na ramani. Nilitaka kujua ni nani hasa aliyenitoza elfu hamsini, maana baba mkubwa alikuwa mkusanyaji tu.

Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, ndiyo digrii 15 kwa kila saa, ndiyo dakika nne kwa kila digrii moja. Hiyo haina ubishi wala mkoloni ndani yake. Ubishi unaanza pale unapouliza zihesabiwe kutoka wapi. Oktoba 1884 wajumbe 41 wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba mstari wa kwanza upite Greenwich, London. Kutoka Afrika yote aliyekuwapo ni Liberia peke yake. Mwezi uliofuata mkutano mwingine ukafunguliwa Berlin, na huko hakukuwa na haja hata ya Liberia. Kwa hiyo ndani ya miezi michache tukawekewa mstari wa kuhesabia saa na tukawekewa kanuni za kugawana mipaka yetu, na Tunduma ni mahali ambapo mambo hayo mawili yamekutana na kukaa kitanda kimoja na mimi.

Saa yetu hii ya tatu mbele ya Greenwich ni ya mstari wa digrii 45 mashariki. Nikaufuata kwa kidole. Haupiti Dar. Haupiti hata Zanzibar. Unapita karibu kabisa na Mogadishu. Jua linalotufanyia saa sita mchana sisi wa Kurasini ni jua la Mogadishu. La kwetu, tulio kwenye digrii 39 na kitu, linafika utosini kwa wastani dakika ishirini na tatu baadaye. Hilo si neno. Lakini nenda Kigoma. Kigoma imekaa karibu juu ya mstari wa digrii 30, ambao ndio uti wa mgongo wa saa ya Lubumbashi na Lusaka. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie, wanatumia saa inayolingana na jua lao. Kigoma wao wanatumia ya Mogadishu, kwa kuwa ndiyo ya serikali. Jua lao la mchana liko utosini saa saba. Mtoto wa shule wa Kigoma anaamshwa gizani, na gizani kweli, karibu dakika arobaini nyuma ya mwenzake wa Dar, ili saa ya ofisi ya mkuu wa shule ifanane na ya wizara. Na pwani ya kaskazini ya Msumbiji, Nacala kwa mfano, iko mashariki kuliko Dar, jua linawafika utosini kabla yetu, lakini saa yao iko nyuma yetu. Nilipofika hapo nilifunga ramani, nikaifungua tena kuhakikisha, nikaifunga.

Serikali za kikoloni zenyewe zilihangaika. Kenya iliwahi kwenda kwa tofauti ya saa mbili na dakika 45, dakika kumi na tano pungufu ya hii ya leo, hadi mwaka 1942. Hebu mfikirie mshenga wa zama zile.

Ila faini ya kuchelewa, Mtoni wamenionea huruma. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash muda wa kutoka kwenye jumba la kifalme la Zanzibar: mwisho saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Kabla ya saa nne vita ikawa imekwisha, jumba liko chini, mamia wamekufa au kujeruhiwa. Dakika mbili. Mimi nilichelewa sitini na nikaishia na elfu hamsini, tena za Shangazi.

Mikasa yangu mingine ya saa ni midogo, haistahili hata ugomvi. Shemeji alimsindikiza mkewe uwanja wa ndege Jumapili usiku kwa ndege ya saa sita na nusu usiku ya Jumapili, ambayo ilishaondoka usiku wa kuamkia Jumapili hiyohiyo. Kwenye kibanda umiza cha mtaani nimeshalipia mechi ya saa kumi na moja jioni nikatazama filamu ya Kinijeria saa nzima, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza wanarudisha saa zao nyuma na anayeandika ubao wetu kwa chaki hajaarifiwa. Na tiketi za mabasi: zamani ikiandikwa 12:00 ulijua ni alfajiri, kwa kuwa usiku mabasi yalikuwa hayatembei, tangu yaruhusiwe mwaka 2023 hiyo kumi na mbili ina tafsiri nne, na wakala wa tiketi anazijua zote.

Kazini ndiko siwezi kucheka sana. Ukutani ofisini kwetu kuna saa tatu za Kariakoo, kila moja na kibao chake: Lubumbashi, Dubai, Guangzhou. Ya Dar haipo. Bosi alisema sisi tupo hapahapa, ya nini. Kwa hiyo mfanyakazi wa Kurasini akitaka kujua muda ndani ya Kurasini anachukua Lubumbashi anajumlisha moja, au Dubai anatoa moja, na zikitofautiana anajua betri ya mojawapo imekwisha.

Guangzhou wako mbele yetu kwa saa tano. Wanafungua ofisi wakati kwetu ni saa kumi alfajiri, na muuzaji wa kule, msichana mwenye bidii ya ajabu, anaanza kila ujumbe kwa kuniita mpenzi, kwa Kiingereza, ndivyo walivyofundishwa kumkaribisha mteja. Simu inawaka gizani. Mke wangu anasoma. "Huyu anayekuita mpenzi saa kumi alfajiri ni nani?" Nimwambie nini? Ni kiwanda cha vigae.

Wanapokwenda kula na kupumzika, sisi ndiyo tunafungua. Wanaporudi mezani, kwetu saa tatu asubuhi, Lubumbashi nao ndiyo wanafungua, maana wako nyuma yetu kwa saa moja. Guangzhou wanafunga kwetu ikiwa saa saba mchana. Basi kuanzia saa tatu hadi saa saba ndio muda pekee ambao mwenye kiwanda, mwenye mzigo na mtoa mzigo wote wako macho na wamekaa vitini, na Ijumaa unakatwa na swala. Dubai walitupunguzia kidogo Januari 2022 walipohamishia mapumziko yao Jumamosi na Jumapili. Kabla ya hapo Ijumaa walikuwa hawapo na Jumapili tulikuwa hatupo. Yupo pia mteja wetu wa Lubumbashi anayesema Kiswahili chake vizuri tu, lakini akikuambia saa nane anaihesabu Kifaransa, asubuhi, tena ya kwake. Kwetu hiyo ni saa tatu. Nane imekuwa tatu na wote wawili tuko sahihi.

Mteja huyohuyo ndiye aliyeniachia kidonda. Kontena lake lilikuwa yadi, siku za bure zinaishia. Akalipa benki ya kwao saa kumi alasiri, muda wa kazi, na kwa haki yake hakuchelewa hata dakika. Karatasi ya malipo ikanifikia. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja. Keshia wa yadi alishafunga dirisha saa kumi. Mlinzi akaniambia njoo kesho. Kesho, kwa kompyuta ya yadi, inaanza saa sita usiku, na kompyuta ile haikusinzia: asubuhi nilikuta tozo ya siku mpya imeshakaa kwenye ankara, mzigo haujasogea hata inchi, jogoo hajawika. Mteja akasema hailipi, yeye alilipa ndani ya muda. Yadi ikasema haiifuti, malipo yaliingia baada ya muda. Wote wawili wana saa, wote wana risiti. Ile saa moja iliyopotea kati ya Lubumbashi na Kurasini hakuna anayekubali kuwa ni yake, lakini ina bei, na bei yake ilitoka kwenye mshahara wangu mwisho wa mwezi. Nimejaribu kuichekea. Hainichekeshi. Sijawahi kumsikia mtu wa Guangzhou amekatwa mshahara kwa sababu Kurasini walikuwa wamelala, na dereva wetu anayekaa wiki mpakani hakuna anayemlipa saa anayoipoteza kurudi, ingawa ile anayoipata kwenda wanamhesabia kuwa amepumzika.

Mwezi uliopita bosi alijiagizia Noah kutoka Japani. Tuliishusha betri haijachomolewa, ukaiwasha ikakusalimu kwa ile sauti ya mama wa Kijapani, inayosema jambo muhimu ambalo hakuna Mtanzania aliyewahi kulielewa. Kwenye dashibodi saa ilikuwa inatembea. Nikatazama: 3:20. Nikatazama nje, nikamuuliza muuza maji, akasema saa tatu na dakika ishirini. Nikadhani ni bahati. Mchana nikaichungulia tena: 8:05, na kwetu ni saa nane na dakika tano. Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikapiga hesabu. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Sita ndizo zinazotutofautisha sisi na saa ya ukutani, tunaohesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Ikiwa kwetu ni saa tatu asubuhi, mshale wa Tokyo uko kwenye tatu ya alasiri. Ikiwa saa moja jioni, wao uko kwenye moja ya usiku wa manane. Kila saa ya Tokyo, mchana na usiku, mwaka mzima, inaonyesha namba ileile anayoitaja bibi yangu kule kijijini. Magari yote hayo yanayoshuka bandarini yanafika yakijua saa ya Kiswahili kuliko simu yangu.

Nilikimbia kumwambia bosi. Nilimkuta na fundi redio, ambaye alishamweleza kwamba saa ya gari ni mbovu, imepishana na ya simu kwa saa sita nzima, na akaitengeneza kwa elfu kumi.